Umegusa Mfalme

Nilipopangiwa kufundisha hesabu katika shule ya msingi huko Rugu, nilikuja na begi la nguo, godoro, na ubao wa sataranji niliojifunzia chuoni. Nilikaa karibu mwaka mzima bila mtu wa kucheza naye. Walimu wenzangu walipenda drafti, na wengine walisema mchezo wenye mfalme, malkia na askofu ni wa watu wasio na kazi. Basi jioni nilikuwa nikikaa barazani kwangu nikicheza peke yangu, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto.

Siku moja mvua ilimkuta jirani yangu njiani, akakimbilia barazani kwangu kujikinga. Alikuwa kibarua. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akaoa na kufia hapa hapa. Yeye mwenyewe kazaliwa Rugu, kasoma hadi darasa la saba, kisha akaishi kwa kupalilia vibanja vya watu, kupogoa mibuni na kukata majani makavu ya migomba. Tulilingana umri, lakini yeye aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita Jirani. Akasimama huku maji yakimchuruzika, akatazama ubao mpaka mvua ikaisha. Hakuondoka.

"Mwalimu, huyu farasi mbona haendi kama wenzake?"

"Huyo huruka. Mbili mbele, moja pembeni."

"Hata mbele yake kukiwa na watu?"

"Hata wakiwepo."

Akacheka, akavuta kigoda. Kabla wiki haijaisha alikuwa amejua mwendo wa kila kete. Kabla msimu wa maharage haujaisha, kumshinda ilikuwa kazi.

Tukawa tunacheza kila Jumapili baada ya misa, kwenye baraza la fundi cherehani aliyekuwa na benchi pana na kivuli. Watu wakaanza kutuzoea, kisha kututazama, kisha kuchagua upande. Jirani alichonga kete zake mwenyewe kwa matawi ya mibuni aliyoyapogoa, mti mgumu na mzito mkononi. Nyeupe aliziacha na rangi ya mti. Nyeusi alizipaka utomvu wa mgomba tabaka juu ya tabaka mpaka zikawa kahawia nzito. Farasi wake walikuwa na masikio kama ya mbuzi. Tuliziacha zangu za chuoni tukawa tunachezea zake.

Hakuwahi kushambulia. Alimficha mfalme wake mapema nyuma ya ngome, akapanga askari wake wakishikana mabega, akangoja. Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Nilimrusha malkia mapema, nikatoa farasi, nikapiga huku na huku, na mwisho nikajikuta nimeishiwa watu wakati yeye hajapoteza hata mmoja. Hapo ndipo alipoanza kusogea, taratibu, hatua moja moja, kama mtu anayepalilia mstari wa maharage. Mwaka wa tatu alikuwa akinishinda Jumapili mbili kati ya tatu.

Ningesema nilifurahi. Mbele za watu nilifurahi kweli, nikampa mkono, nikasema, "Mwanafunzi amempita mwalimu." Lakini fundi cherehani alikuwa na mdomo, na alizoea kuwaambia wapita njia, "Mwalimu kafungwa tena na kibarua." Watu walicheka, Jirani naye alicheka kwa aibu akitazama chini. Mimi nilicheka pamoja nao. Nikifika nyumbani neno lile kibarua lilikuwa bado linanikereketa, na sasa najua kwamba lililonikereketa si kufungwa. Ni nani aliyenifunga.

Kisha likaja tangazo la mashindano Kayanga, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari. Atakayeshinda angekwenda Bukoba kuiwakilisha wilaya. Mimi ndiye niliyemwambia Jirani, na mimi ndiye niliyemwandikia jina lake kwenye fomu. Sitaki kujinyima haki hiyo ndogo. Alisita sana.

"Mwalimu, kule kuna wasomi. Mimi nitasema nini?"

"Sataranji haina kusema. Utacheza tu."

"Na Bukoba, wewe umefika?"

"Mara mbili."

"Wanasema ziwa lile huoni ng'ambo yake."

"Huoni."

Akabaki akilifikiria. Mto Kagera ndio maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Tangu siku ile nikawa nikijifungia chumbani baada ya vipindi na simu yangu. Jirani alikuwa na kitochi cha kupiga na kupokea tu. Mimi nilitazama video moja baada ya nyingine za ufunguzi wa kale wanaouita wa Kiitaliano. Askari wa mbele ya mfalme anatoka hatua mbili, farasi anafuata, askofu anakaa mahali anapoitazama nyumba moja tu. Sisi kila mraba wa ubao tuliuita nyumba. Ile inayolengwa iko ubavuni mwa mfalme wa mpinzani, na mwanzoni mwa mchezo haina mlinzi mwingine isipokuwa mfalme mwenyewe. Askofu anailenga kwa mbali, farasi anaruka karibu, kisha farasi anajitoa mhanga ndani yake. Mfalme akimla, amekwisha kutolewa nje; hana tena pa kujificha. Shambulio hilo wazungu wamelipa jina la ini la kukaanga. Niliposikia nilicheka peke yangu, kisha nikalirudia mpaka nikaliota.

Na Jumapili zote hizo nilicheza na Jirani kama kawaida, kwa funguzi nyingine, nisije nikamwonyesha. Alinishinda na kunishinda. Mara moja aliniuliza, "Mwalimu, una mawazo? Huchezi kama zamani." Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha.

Siku ya mashindano tulikwenda Kayanga kwa gari moja, mimi, yeye na mkewe. Mkewe hakuwahi kuja barazani kututazama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyeona mchezo ule kama kitu kilichomnyang'anya mumewe kila Jumapili. Siku hiyo alivaa kitenge cha kwenda kanisani, akabeba ndizi na maharage kwenye chombo alichokifunga kwa kitambaa. Aliniambia ndani ya gari, "Kama ataitwa jina kwenye kipaza sauti, nataka nisikie mwenyewe." Akakaa kwenye benchi karibu na dirisha la ukumbi, hapo hapo kutwa nzima.

Hatukuwa wengi, kama watu kumi na sita. Jirani alicheza na mwalimu wa sekondari akamshinda. Akacheza na karani mmoja akamshinda. Kila aliposhinda alisimama, akainama kidogo kwa mpinzani wake, akaenda kumwambia mkewe. Mimi nami nilishinda zangu. Saa kumi alasiri tukabaki wawili.

Kete za pale zilikuwa za plastiki, nyepesi, hazina uzito chini. Nilimwona tangu asubuhi akihangaika nazo. Vidole vyake vilizoea mti wa mbuni. Plastiki ile ilimteleza, na mara mbili aliangusha askari akaomba radhi. Mwamuzi, dada mmoja aliyekuja kutoka Bukoba, alikuwa ametukumbusha sheria: ukigusa kete yako lazima uicheze, na kama unataka tu kuiweka sawa, useme kwanza, "Narekebisha." Kule Rugu hatukuwahi kufuata hilo. Mtu akigusa vibaya, mwenzake alisema, "Rudisha, fikiri tena."

Mimi nilipata nyeupe. Nikatoa askari, farasi, askofu. Yeye akajibu vile vile nilivyotarajia. Nikamrusha farasi karibu na mfalme wake, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiinua macho kunitazama. Aliona nilichokuwa nikikitafuta. Akamtanguliza askari wa katikati kumzibia askofu wangu njia, nikamla, naye akamla askari wangu kwa farasi. Hapo hapo nikamtupa farasi wangu kwenye ile nyumba ubavuni mwa mfalme.

Watu waliokuwa wamesimama nyuma yetu wakaguna. Mtu mmoja akasema, "Amempa farasi bure!"

Jirani akamla farasi wangu kwa mfalme. Nikamleta malkia, nikampa shaha, yaani nikamtishia mfalme wake. Alikuwa na njia moja tu ya kumwokoa farasi wake aliyekuwa katikati: kumtoa mfalme mbele zaidi, katikati ya uwanja, asimame karibu naye. Alifikiri muda mrefu. Kisha mtu huyu ambaye miaka yote alimficha mfalme wake nyuma ya kuta, alimnyanyua akamweka wazi kabisa.

Nikaleta watu wangu wote waliobaki. Yeye akaleta farasi wake wa pili kulinda, kisha askari wa pembeni kulinda, kisha tena. Kila nilipopiga alikuwa amekwisha kuziba. Yale niliyoyaona kwenye simu yalikuwa yameisha. Kule mpinzani alikuwa akikosea mapema, huyu hakukosea. Nikahesabu mara moja, mara mbili. Nilikuwa pungufu ya farasi, na shambulio langu limekauka. Hatua moja tu ya malkia wake na mimi ningebaki na mikono mitupu. Nikamtazama, nikajua ameiona hatua hiyo. Mabega yake yalikuwa yameshuka, ametulia, kama alivyokuwa barazani kwa fundi.

Mfalme wake alikuwa amesimama kombo, nusu kwenye nyumba yake, nusu kwenye mstari. Kabla ya kumshika malkia alinyoosha kidole kimoja akamsogeza mfalme katikati ya nyumba yake, kama mtu anavyonyoosha picha ukutani anapopita. Hakusema neno. Mkono ukaendelea kwa malkia.

"Umegusa mfalme," nikasema.

Mkono wake ukasimama hewani.

Mwamuzi akasogea. "Alisema anarekebisha?"

"Hakusema."

Akamgeukia Jirani. "Ulisema?"

"Sikusema, dada. Alikuwa amekaa vibaya."

Mwamuzi akanitazama mimi. Nakumbuka uso wake vizuri, kwa sababu alinipa muda. "Mwalimu, unadai acheze mfalme?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, rudisha, fikiri tena, kama tulivyoambiana mara mia. Badala yake nikasikia sauti yangu, ile ile ya darasani, ikisema, "Nadai. Sheria ni sheria."

Mfalme yule alikuwa na nyumba mbili tu za kwenda, na kote kuwili kifo. Jirani alizitazama zote mbili bila haraka, akachagua moja. Baada ya hatua nne nilimfunga. Akainuka, akainama kidogo kama alivyowafanyia wengine, akanipa mkono. Watu walipiga makofi. Karani aliyeshindwa mapema alinipiga begani, akasema hajawahi kuona shambulio la namna ile, kumvuta mfalme mpaka katikati ya uwanja na kumwulia pale pale. Nikasema asante. Jina langu likaitwa kwenye kipaza sauti.

Mkewe alikuja kwangu nje, Jirani akiwa amekwenda kunawa. Alikuwa bado amebeba kile chombo cha ndizi.

"Mwalimu, mimi sijui mchezo huu. Amekosea wapi?"

Sasa hakukuwa na mwamuzi wala watu. Alikuwa shemeji yangu tu, ananiuliza swali kwa sababu mimi ni mwalimu.

"Hakumlinda mfalme wake, shemeji," nikamjibu. "Mchezo huu ukimsahau mfalme, umekwisha."

Akatikisa kichwa polepole. "Mbwenu, kumbe miaka yote hiyo anacheza, na hajui hata kumlinda mfalme." Jirani akatokea akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa ameyasikia yote mawili, swali na jibu, nina hakika. Alimpokea mkewe chombo, akasema, "Twendeni, gari litajaa."

Jumapili iliyofuata hakuja barazani. Ya pili pia. Nilimwuliza fundi cherehani, akanieleza kile ambacho kijiji kizima kilikwisha kujua: kwamba mkewe alimwambia, mwanaume asiyeweza kumlinda mfalme wa mti akae nyumbani Jumapili ailinde familia yake, na kwamba zile kete za mibuni zilikwenda jikoni pamoja na kuni nyingine. Fundi alisimulia akicheka. Mimi nyumba yangu ilikuwa hatua ishirini kutoka kwao. Tulisalimiana kila asubuhi. Sikuvuka kwenda kwao.

Bukoba nilikwenda peke yangu. Mechi ya kwanza nilipangiwa msichana wa kidato cha tano. Nikafungua vile vile, nikamrusha farasi vile vile. Alipofika mahali Jirani alipomla askari wangu, yeye hakumla. Alimpeleka farasi wake pembeni kumfukuza askofu wangu, na shambulio zima likafa kabla halijazaliwa. Alinifunga haraka, kisha akaniambia kwa adabu, "Samahani mwalimu, ile inajulikana siku hizi." Nilikwenda kukaa ufukweni mwa ziwa. Kweli ng'ambo haionekani. Nilikaa nikimfikiria mtu ambaye hakuwahi kuambiwa na simu wala mtu yeyote, aliyelikuta shambulio lile kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatafuta njia kwa kichwa chake mwenyewe, akaipata.

Niliporudi nilikusudia kusema. Siku zikapita, ukichelewesha neno la namna hiyo linazidi kuwa zito. Kabla mwaka haujaisha Jirani na mkewe walihamia Murongo, mpakani, yeye akapata kazi ya kupakia na kupakua mizigo kwenye malori, mkewe akafungua mgahawa. Waliniaga vizuri. Waliniachia hata mkungu wa ndizi.

Nilikwenda Murongo mwaka jana wakati wa likizo. Nilipanda gari mpaka Nkwenda, kutoka hapo pikipiki. Niliukuta mgahawa kwa kuulizia, kibanda cha mabati karibu na njia ya kwenda darajani, na mkewe akanipokea kwa furaha ya kweli. "Karibu waitu, Mwalimu wetu! Umepotea!" Akamtuma mtu kumwita mumewe. Alikuja akiwa na vumbi la unga wa mahindi mpaka kwenye nyusi, amenenepa mabega, mvi zimeanza. Tulikaa meza moja wote watatu. Tukaulizana habari za Rugu, nani kafa, nani kajenga.

Nikasema, "Shemeji, nina neno lako."

Akaacha kufuta meza.

"Siku ile ya Kayanga uliponiuliza mumeo amekosea wapi, nilikudanganya. Hakukosea. Mfalme wake alimlinda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa anashinda. Alimgusa ili amweke sawa tu, nami nikamshikia sheria ambayo sisi wawili hatukuwahi kushikiana. Ningemwachia, angekwenda Bukoba yeye."

Wateja wawili walikuwa wakila nyuma yetu, na lori lilikuwa likinguruma kwenye foleni ya forodha. Kisha akamgeukia mumewe.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Miaka yote hii. Nilikusema mbele ya watu. Nilichoma vitu vyako. Mbona hukuniambia?"

Jirani alikuwa akitazama mikono yake. Akajibu bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Ningekuambia nini? Mwalimu alikuwa ameshasema."

Mkewe akainuka akaingia jikoni. Tulisikia sufuria zikigongana. Alipotoka aliniletea sahani ya ndizi na nyama, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, kwa heshima ile ile ya mgeni, lakini hakukaa tena na sisi wala hakunitazama usoni. Nilikula kwa sababu kutokula kungekuwa kosa jingine.

"Jirani," nikasema, "nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Ulitaka kushinda. Kila mtu hutaka."

"Nimekuja na ubao. Uko ndani ya begi. Tucheze hata mmoja."

Akafikiria, nikamwona kweli akifikiria, macho yakitembea kidogo juu ya meza kama yanatafuta nyumba za kuweka kete. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, Mwalimu. Nimeusahau."

Hakuwa ameusahau. Lakini safari hii sikuwa na mahali pa kudai. Mtu akapiga mluzi kutoka barabarani. Lori la mahindi lilikuwa limevuka na vijana walikuwa wakimngoja kufungua turubai. Akainuka, akanipa kifundo cha mkono kwa sababu viganja vilikuwa na unga, akaniambia nisalimie Rugu. Nilimtazama akipanda juu ya lori, akainama, akajitwika gunia la kwanza. Nilibaki pale na sahani yangu mpaka nilipomaliza, kisha nikaingia jikoni kumuaga mkewe. Alikuwa akimenya ndizi, amenipa mgongo. Akasema, "Safari njema," na kisu hakikusimama.

Wakati wa kurudi dereva wa pikipiki aliniuliza kama nimewakuta watu wangu. Nikamwambia nimewakuta, ni wazima.